Mafao ya Uzeeni na Swali la Tarehe

(Mazungumzo haya yalitayarishwa kwa ajili ya semina ya walimu na watumishi wa Serikali. Yanachapishwa hapa yakiwa yamefupishwa kidogo.)



Chukueni mfano wa walimu wawili. Walisoma chuo kimoja, wakaajiriwa mwaka 1992, wakafundisha kwa miaka 30 katika shule za wilaya moja, na mshahara wa kila mmoja ulifikia shilingi 1,000,000 kwa mwezi. Wanatofautiana kwa jambo moja tu. Wa kwanza alitimiza umri wa miaka 60 tarehe 28 Juni, 2022. Wa pili aliutimiza tarehe 3 Julai, 2022. Yule wa kwanza, kwa kuwa alikuwa mwanachama wa zamani wa uliokuwa Mfuko wa PSPF, alistahili mkupuo wa shilingi milioni 62. Yule wa pili, kwa kanuni zilizoanza kutumika tarehe 1 Julai mwaka huo, alistahili mkupuo wa shilingi milioni 30 na laki saba. Siku tano zilikata nusu ya mkupuo wa mtu aliyefanya kazi miaka 30.

Walimu hao ni wa mfano, lakini hesabu ni ya kweli, na kila mtumishi anaweza kuifanya kwa kalamu yake. Kwa utaratibu wa zamani wa PSPF na LAPF, miezi ya utumishi iligawanywa kwa 540, ikazidishwa kwa mshahara wa mwaka. Hiyo ndiyo pensheni kamili ya mwaka. Nusu yake ilizidishwa kwa 15.5 ikawa mkupuo, na nusu iliyobaki ikalipwa kidogo kidogo kila mwezi hadi mwisho wa uhai. Kwa mwalimu wetu wa kwanza, miezi 360 inatoa pensheni kamili ya shilingi milioni 8 kwa mwaka: mkupuo wa milioni 62, na shilingi 333,333 kila mwezi. Kanuni za Julai 2022 zinagawanya kwa 580 badala ya 540, zinazidisha kwa 12.5 badala ya 15.5, na zilianza kwa kutoa mkupuo wa asilimia 33 badala ya asilimia 50. Aidha, mshahara unaotumika ni wastani wa miaka mitatu bora katika miaka kumi ya mwisho. Ili hesabu isiwe nzito, mazungumzo haya yanachukulia kwamba mshahara ni ule ule pande zote mbili.

Mjadala wa kikokotoo umezungumzwa sana nchini, mara nyingi kwa hasira, na mara chache kwa hesabu. Swali lililosikika kila mahali lilikuwa ni asilimia ngapi. Swali lililosikika kwa nadra lilikuwa ni lini, na kwa nani kwanza. Ndilo swali la leo.

Kwanza hapana budi kusema wazi kwamba mabadiliko yenyewe yalikuwa ya lazima. Kabla ya Julai 1999 mtumishi wa Serikali hakuchangia chochote katika pensheni yake. Pensheni ililipwa na Hazina, kama vile mshahara. Sheria ya mwaka 1999 iliyouanzisha utaratibu wa PSPF ndiyo iliyoleta michango, asilimia 5 kutoka kwa mtumishi na asilimia 15 kutoka kwa mwajiri. Lakini waliostaafu baada ya hapo walilipwa na Mfuko kwa utumishi wao wote, pamoja na ile miaka ya kabla ya 1999 ambayo haikuwa na mchango wa mtu yeyote. Mwalimu aliyeajiriwa 1975 na kustaafu 2005 alikuwa amechangiwa miaka sita, akalipwa miaka 30. Fedha za kumlipa zilitoka katika michango ya vijana waliokuwa bado darasani.

Hata walimu wetu wawili wa mfano, kati ya miezi yao 360, ni miezi 276 tu iliyo na michango. Hata kama mishahara yao ingekuwa shilingi milioni moja tangu mwaka 1999, jambo ambalo sote tunajua halikuwapo, michango yote miwili ingefika shilingi milioni 55 na laki mbili. Mkupuo wa zamani peke yake ulikuwa milioni 62, na pensheni ya kila mwezi ndiyo kwanza inaanza. Pengo hilo lilitakiwa kuzibwa na faida ya vitega uchumi na fedha za Hazina. Serikali ilikiri deni la miaka ya kabla ya 1999, na mwishoni mwa mwaka 2021 ikatoa hati fungani maalumu isiyo taslimu ya zaidi ya shilingi trilioni 2 kwa ajili ya Mfuko mpya. Hilo lilikuwa jambo jema. Lakini lilifanyika miaka 22 baada ya deni kuanza, na katika miaka hiyo Mfuko uliendelea kulipa.

Chile, ilipoacha mfumo wake wa zamani mwaka 1981, ilimpa kila mfanyakazi aliyehama hati ya deni kwa michango aliyokwisha kuitoa, ilipwe atakapostaafu. Utawala ule wa kijeshi hauna mengi ya kuigwa, na wanajeshi wenyewe hawakuingia katika mfumo waliowawekea raia. Hata hivyo juu ya hati ile walifikiri mapema kuliko sisi: siku ya kuhama ndiyo siku ya kuandika nani anamdai nani.

Basi, kama mabadiliko yalikuwa ya lazima, yalikuja vipi? Mwaka 2014 iliyokuwa Mamlaka ya Usimamizi wa Hifadhi ya Jamii, SSRA, ilitoa kanuni za kulinganisha mafao ya mifuko yote. Wanachama wapya wangetumia 580 na mkupuo wa asilimia 25, ambao ulikuwa tayari ndio mkupuo wa wenzao wa NSSF na PPF. Wanachama wa PSPF na LAPF waliokuwamo kabla ya Julai 2014 waliachiwa utaratibu wao. Ulikuwa uamuzi mwangalifu. Aliyeingia kazini kwa ahadi moja alibaki na ahadi hiyo, na kijana aliyeajiriwa baadaye alijua tangu siku ya kwanza atapewa nini. Ungedumu, mfumo wa zamani ungekwisha wenyewe kadiri watu walivyokuwa wakistaafu.

Haukudumu. Sheria Namba 2 ya mwaka 2018 iliiunganisha mifuko ya PSPF, LAPF, GEPF na PPF kuwa Mfuko mmoja wa watumishi wa umma, PSSSF, ulioanza tarehe 1 Agosti mwaka huo, na NSSF ikabaki na sekta binafsi. Miezi michache baadaye kanuni mpya zikawahusisha wote mkupuo wa asilimia 25, pamoja na wale walioachiwa mwaka 2014. Watu waliokuwa wamebakiza wiki chache kustaafu, ambao walikwisha kuahidi mafundi na kulipia viwanja, walisikia habari hiyo redioni. Tarehe 28 Desemba, 2018, Rais John Magufuli alikutana na viongozi wa vyama vya wafanyakazi Ikulu, Dar es Salaam, akaagiza kwamba kila mwanachama aendelee kulipwa kwa utaratibu wa mfuko wake wa zamani katika kipindi cha mpito hadi mwaka 2023.

Wapo waliosema kwamba agizo lile liliahirisha tatizo. Ni kweli, liliahirisha, na kuahirisha kunagharimu fedha. Lakini liliwapa wafanyakazi kitu ambacho kanuni hazikuwapa, yaani muda wa kujipanga. Ndiyo maana inasikitisha kidogo kwamba muda wenyewe haukufika mwisho wake. Baada ya mazungumzo ya utatu kati ya Serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi, kanuni mpya zilianza tarehe 1 Julai, 2022, pamoja na mwaka mpya wa fedha. Mwalimu aliyekuwa anastaafu Novemba 2022, na ambaye alikuwa ameishika ile tarehe ya 2023 kwa miaka mitatu na nusu, alijikuta upande wa pili wa mstari.

Turudi kwenye hesabu, kwa maana ndipo lilipo jambo ambalo wengi hawakuliona. Mwalimu wetu wa pili alipoteza shilingi milioni 31 na laki tatu hivi za mkupuo. Aliambiwa, na ni kweli, kwamba pensheni yake ya kila mwezi itakuwa kubwa zaidi: shilingi 415,862 badala ya 333,333. Ongezeko ni shilingi 82,529. Ili ongezeko hilo lifidie kilichopungua katika mkupuo, anahitaji miezi 379, yaani afikishe umri wa miaka 91 na miezi kadhaa. Kanuni yenyewe, kwa kile kipimo chake cha 12.5, inamkadiria miaka kumi na miwili na nusu baada ya kustaafu.

Kwa nini iwe hivyo? Kwa sababu asilimia ya mkupuo, ambayo ndiyo watu waliyoigombania, ni nusu tu ya habari. Kama mkupuo ungeachwa kwenye asilimia 50 ile ile, na zikabadilishwa tarakimu mbili tu, 540 kuwa 580 na 15.5 kuwa 12.5, mkupuo wa mwalimu wetu ungekuwa milioni 46 na laki tano na nusu. Milioni 15 na laki nne na nusu zingekuwa zimekwisha kuondoka kabla asilimia haijaguswa. Hiyo si fedha iliyohamishwa kutoka mfuko wa kulia kwenda wa kushoto, kutoka kwenye mkupuo kwenda kwenye pensheni ya mwezi. Ni fedha iliyopunguzwa. Pengine ilikuwa haki kuipunguza, kwa sababu zilizoelezwa hapo juu. Lakini mtumishi ambaye anaelezwa kwamba fedha zake zimehamishwa tu, kisha akakaa na kalamu usiku akakuta zimepunguzwa, hatamwamini tena anayemweleza, hata siku atakapoelezwa kweli tupu.

Katika hotuba ya bajeti ya Juni 2024 Serikali ilitangaza kupandisha mkupuo kutoka asilimia 33 hadi 40 kwa wale ambao zamani walipata asilimia 50, na hadi 35 kwa wale waliokuwa wakipata 25. Waliokwisha kustaafu katikati nao walifikiriwa. Vyama vya wafanyakazi vilikuwa vimelisema jambo hilo kila Mei Mosi, na Serikali ilisikia. Kwa mwalimu wetu wa pili, mkupuo unapanda kufika milioni 37 na laki mbili, na pensheni ya mwezi inashuka kuwa shilingi 372,414. Bado yuko nyuma ya mwenzake kwa milioni 24 na laki saba na nusu, na zile tarakimu mbili hazikuguswa.

Wako watakaosema kwamba mkupuo mkubwa ni mtego. Kwamba mstaafu akishikishwa milioni 60 atanunua basi bovu, ataoa, na baada ya miaka miwili ataomba nauli. Hoja hii husemwa sana na watu ambao hawajastaafu. Ina chembe ya ukweli, na historia ya nchi hii inaiunga mkono kwa upande mmoja: uliokuwa Mfuko wa Akiba ya Wafanyakazi, NPF, ulioanzishwa mwaka 1964, ulilipa akiba kwa mkupuo tu, na mfumuko wa bei wa miaka ya 1980 ukaila akiba hiyo. Kwa sababu hiyo na nyingine uligeuzwa kuwa NSSF kwa sheria ya mwaka 1997, ili wafanyakazi wapate pensheni ya kudumu. Lakini pensheni ya kila mwezi nayo haipandi yenyewe kila bei zinapopanda. Tena mwalimu wa shule ya msingi aliyeishi miaka 30 katika nyumba ya shule au ya kupanga hana njia nyingine ya kujenga ila mkupuo huo. Huwezi kupaua nyumba kwa shilingi 82,529 kwa mwezi.

Kuna madhara mengine ya kuweka mstari mmoja wa tarehe, nayo yanaangukia shule. Fikirini mwalimu wa Hisabati mwenye umri wa miaka 57 mwezi Mei 2022. Sheria inamruhusu kustaafu kwa hiari kuanzia miaka 55. Akiondoka mwezi ujao akiwa na miezi 324 ya utumishi, mkupuo wake kwa utaratibu wa zamani ni milioni 55 na laki nane. Akibaki darasani miaka mitatu zaidi hadi amalize miezi 360, mkupuo wake unakuwa milioni 30 na laki saba. Ni kweli kwamba akibaki atapokea mshahara wa miaka hiyo mitatu. Hata hivyo sheria inayomwambia mwalimu mzoefu kwamba akiendelea kufanya kazi mkupuo wake utapungua kwa milioni 25, inamwonyesha mlango, na wanafunzi wa kidato cha nne ndio wanaobaki bila mwalimu.

Majirani zetu wa Kenya walikabili suala hili hili. Sheria yao ya pensheni ya kuchangia kwa watumishi wa umma ilipitishwa mwaka 2012, lakini utaratibu wenyewe ulianza tarehe 1 Januari, 2021. Waliokuwa chini ya miaka 45 waliingizwa kwa lazima. Wenye miaka 45 na zaidi waliachiwa wachague kubaki au kuhama. Michango nayo ilipandishwa kwa ngazi, asilimia 2 mwaka wa kwanza, 5 mwaka wa pili, na 7.5 kuanzia mwaka wa tatu. Miaka tisa ya kusubiri ni mingi mno, na gharama yake ililipwa na Hazina yao. Lakini mzee wa miaka 58 hakuguswa.

Uingereza nayo, pamoja na utajiri wake na makarani wake wote, ilijikwaa hapo hapo. Mwaka 2013 ilianza kuunganisha posho sita za watu wenye kipato kidogo na wasio na kazi kuwa malipo mamoja. Mpango ulikuwa kumaliza mwaka 2017. Kufikia mwaka 2025 kazi ya kuhamisha watu ilikuwa bado haijakamilika. Aliyehamishwa na Serikali kwa barua alilindwa kiwango chake cha zamani kwa nyongeza ya mpito. Lakini aliyehama kwa sababu maisha yake yamebadilika, kwa mfano amehamia mji mwingine, hakulindwa. Wanaume wawili wenye ulemavu mkubwa walihama makazi, wakapoteza karibu pauni 180 kwa mwezi kila mmoja, wakaenda mahakamani, na mwezi Juni 2018 Mahakama Kuu ikaamua kwamba walibaguliwa. Wenzao wenye hali ile ile ambao hawakuhama nyumba walikuwa wanaendelea kulipwa kama zamani. Hapo tena ni tarehe na tukio la bahati, wala si haja ya mtu, vilivyoamua nani apate nini.

Ipo njia ambayo ingeweza kufuatwa hapa kwetu, na ambayo bado haijafungwa. Ni kuhesabu kwa miezi badala ya kuhesabu kwa siku ya kustaafu. Kila mwezi mtu aliofanya kazi kabla ya tarehe ya mabadiliko uhesabiwe kwa kanuni ya zamani, na kila mwezi baada ya hapo kwa kanuni mpya. Mwalimu wetu wa pili, ambaye miezi yake yote isipokuwa siku chache iko kabla ya Julai 2022, angepata karibu sawa na mwenzake. Mwenye mshahara huo huo aliyeajiriwa Julai 2002 na atakayestaafu 2032 ana miezi 240 ya zamani na 120 mipya. Kwa asilimia 40 ya sasa, mkupuo wake ungekuwa milioni 53 na laki saba. Aliyeajiriwa 2012 na atakayestaafu 2042 angepata milioni 45 na nusu. Aliyeajiriwa 2022 atapata milioni 37 na laki mbili, na hana cha kulalamikia, maana aliingia akijua. Hapo pana mteremko. Wanafunzi wawili wa chuo kimoja hawatenganishwi na korongo.

Njia hiyo ina gharama, na gharama hiyo ni kubwa zaidi katika miaka ya mwanzo, wakati wanaostaafu bado wana miezi mingi ya zamani. Hilo lisifichwe. Lakini miezi mingi ya zamani ndiyo hiyo hiyo iliyobeba deni la kabla ya 1999, ambalo si la walimu. Kama Mfuko ulidhoofika kwa kulipa kisicholipiwa, basi gharama ya kuurudisha katika hali yake haikupasa kuanzia kwa wale waliokuwa wamebakiza mwaka mmoja. Kijana wa miaka 28 ana miaka 32 ya kurekebisha mipango yake: atajiunga na chama cha akiba na mikopo, atapanda miti, atajenga chumba kimoja kimoja. Mtu wa miaka 59 hana hata mwaka.

Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulitaka wananchi washirikishwe katika kufikiri na kupanga, na wala si katika kutekeleza tu. Katika suala la kikokotoo, viongozi wa vyama vya wafanyakazi walikaa mezani. Lakini mwalimu wa kawaida alioneshwa asilimia, hakuoneshwa hesabu. Ofisi ya utumishi ya kila halmashauri ingeweza kumpa kila mwenye umri wa miaka 50 karatasi moja: miezi yako ni hii, mkupuo wako kwa kanuni hii ni huu, pensheni yako ya mwezi ni hii, na tarehe ya kuzaliwa tuliyo nayo ni hii. Hilo la mwisho si dogo. Mtu ambaye barua yake ya ajira na hati yake ya kuzaliwa vinapishana hata kwa siku chache angepaswa kulijua akiwa na miaka 50. Mwezi Juni 2022, siku chache ndizo zilizokuwa na thamani ya milioni 31.

Tathmini ya uhai wa Mfuko hufanywa na wataalamu wa takwimu bima kila baada ya muda. Vyama vya wafanyakazi, vinapokwenda kwenye tathmini ijayo, vina haki ya kuuliza mambo mawili ambayo asilimia 40 haikuyajibu: ni kwa hesabu gani 15.5 ikawa 12.5, na itagharimu kiasi gani, kwa shilingi, kuhesabu kwa miezi kwa wale wote waliokuwa kazini kabla ya Julai 2014.